Fundi Anajibu: Mnataka kuhama umeme mwende gesi? Subirini kwanza

Mwezi huu karibu barua zote ni za gesi. Nadhani bili za umeme zimewachosha watu maana kila mtu anauliza kitu kile kile kwa njia yake, huyu jiko, yule hita ya maji, mwingine anataka hadi friji. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Aliyeuliza kuhusu jenereta nitamjibu toleo lijalo, ile ni habari ndefu.

Fundi shikamoo. Sisi ni familia ya watu sita na umeme unatumaliza. Baba watoto kaamua tuhame kabisa, yaani jiko, oveni, hita ya maji, friji na hata taa anasema zipo za gesi. Mi naona kama anakimbia sana. Nyumba nzima inaweza ikawa ya gesi kweli, na ni nafuu? – Mama wa Wanne

Marahaba mama. Mwambie baba watoto apunguze spidi kidogo, ila hajasema uongo. Inawezekana na watu walishaishi hivo, mhandisi mmoja, William Murdoch, alikuwa anawasha taa za gesi nyumbani kwake Redruth kule Uingereza mwaka 1792, wakati huo umeme wa majumbani hata haujaota. Na friji ya gesi ipo, walioibuni ni vijana wawili wa Sweden waliokuwa bado wanasoma, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, haina mota wala kompresa, ni moto mdogo tu unachemsha amonia na maji ndani ya mabomba na mwisho wa safari unapata baridi. Nzuri kwa asiye na umeme kabisa. Lakini we umeme unao, sasa friji ya gesi moto wake unawaka mchana na usiku, unakula mtungi ukiwa umelala, ya nini yote hiyo? Taa ndo usiseme, balbu ya LED ya wati 9 ukiiwasha saa mia moja haijamaliza hata uniti moja.

Mi nawaambiaga watu hivi: kinachopasha moto kihamishe, kinachozunguka na kinachotoa mwanga kiache kwenye umeme. Basi. Feni, friji, taa, tivii, mashine ya kufua, hivo havikuumizi sana. Vinavyokuumiza ni hita ya maji, pleti, oveni na pasi, na pasi ya gesi sikushauri hata kidogo.

Sasa unafuu. Hapa watu wanabishana sana bila kupiga hesabu na hesabu yenyewe ni nyepesi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la kama uniti 13 za umeme. Ukisikia hivo unarukaruka, subiri, maana joto hilo lote haliingii kwenye sufuria, karibu nusu linapita pembeni linapasha ukuta na wewe mpishi, kwa hiyo ndani ya chakula inaingia kama uniti 7 hivi. Pleti ya umeme nayo inapoteza ila kidogo, kwa hiyo kupata zile uniti 7 ndani ya sufuria pleti itakula kama 9 au 10. Chukua bei ya uniti moja ya umeme zidisha kwa 9, halafu linganisha na bei ya kilo moja ya gesi unakonunua we mwenyewe. Gesi ikiwa chini, hama. Ikiwa juu au zinakaribiana, unahama kwa ajili gani? Labda kwa sababu umeme wenu unakatika, hiyo nayo ni sababu halali, ila ijulikane kwamba ndo sababu.

Kama unatumia induksheni, lile jiko la umeme linalopasha sufuria yenyewe moja kwa moja, zidisha kwa 8, maana ile haipotezi sana. Kama vitu vyako vya kuchemka muda mrefu unavipikia kwenye presha kuka ya umeme basi hicho usikiguse kabisa, kile chombo kimefunikwa, kimezibwa, kinashika joto lake, gesi haikiwezi. Na kwenye maji ya kuoga zidisha kwa 10, maana hita ya gesi inatumia joto lake vizuri kuliko jiko. Kukupa picha, lita 100 za maji ukizipandisha digrii 35 umeme unaenda uniti 4 na kidogo, kwa gesi ni kama gramu 400. Watu sita wanaooga kila siku, hapo ndo pesa zenu zinapotea mama, jikoni kunasingiziwa tu.

Cha mwisho, kuna gharama ambayo baba watoto hajaitaja nahisi: jiko lenyewe, regulata, mpira, kufunga hita na bomba lake la moshi, fundi, na mtungi wa pili. Wa pili ni lazima, gesi huwa haiishi asubuhi ukiwa umetulia, inaisha usiku wageni wameshakaa. Jiko kubwa moja, yaani moto mmoja tu wa jiko, likiwaka mpaka mwisho linakula kama gramu 230 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 12 una saa hamsini na kidogo za moto mkubwa. Anza na jiko, kaeni nalo miezi miwili mitatu muone bili imeshukaje, ndo muende kwenye hita. Oveni iache ya umeme kama we ni mtu wa kuoka, gesi ikiungua inatoa mvuke na moto unakuja kutoka chini, keki zinatoka upande huu zimeiva upande ule zinakuangalia. Ndo maana kuna majiko ya juu gesi, chini oveni ya umeme.

Habari Fundi, nakaa ghorofa ya tatu, jiko langu dogo. Nimepima, mtungi unaingia vizuri kabisa kwenye kabati chini ya sinki na mlango unafunga, hauonekani. Kuna tatizo? – Mpangaji

Lipo, na ni hilo hilo la mlango kufunga. Gesi ya mtungi, propani na butani, ni nzito kuliko hewa, propani kama mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja haipandi kwenda dirishani kama unavyodhani, inashuka na kutambaa chini kama maji yaliyomwagika, inajaa kabatini, inatafuta pa kwenda, na chini ya sinki kuna nini? Tundu la bomba la maji machafu. Na haihitaji kuwa nyingi, ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya pale ndani tayari inaweza kushika moto, na lita moja ya gesi iliyoko mtungini ikiwa bado majimaji ikitoka nje inakuwa zaidi ya lita 250 za hewa ya gesi. Piga picha kabati lako lina lita ngapi.

Weka mtungi nje. Kibarazani sawa, ila angalia kibaraza chako, kama kina ukuta mzima hadi chini bila matundu hilo nalo ni beseni, gesi itakaa humo. Kiwe na nondo au tundu la kutolea maji ambalo linaelekea nje, sio linaloingia kwenye mfereji wa ndani. Mtungi usimame wima, usilazwe kabisa hata siku moja, maana ukilala unatoa gesi ya maji badala ya hewa na regulata haikutengenezwa kwa hiyo kazi. Mpira uwe mfupi, ukihitaji kupita ukutani weka bomba la shaba lililofungwa na mtu anayejua, mpira haupitishwi ukutani ukachubuka huko ndani usikoona. Na kabla ya yote muulize mwenye nyumba, kuna majengo hayaruhusu mitungi ghorofani kabisa, usije ukanunua vitu ukaambiwa shusha.

Kama nje haiwezekani kabisa kabisa, kabati litobolewe matundu makubwa chini kabisa, usawa wa sakafu, na jikoni kwenyewe kuwe na njia ya hewa ya chini. Ila kwa jiko dogo la ghorofani lisilo na kibaraza, kusema ukweli, ningekuambia nunua induksheni ukae na umeme wako.

Fundi, kaka yangu alikuwa anatumia gesi ya bomba, kahama, kaniachia jiko lake zuri tu la kisasa. Nimelifunga kwenye mtungi, moto unaruka mrefu, wa njano, masufuria yote meusi. Nikipunguza kidogo bado njano. Regulata mbovu? – Masizi

Regulata nzima. Jiko ndo sio la mtungi.

Gesi ya bomba nyingi ni gesi asilia, methani, nyepesi kuliko hewa na joto lake kwa ujazo ni dogo, kwa hiyo jiko lake linapewa tundu kubwa pale inapotokea gesi, kile kipande kidogo cha shaba chenye kitobo katikati, mafundi wanakiita jeti au pua. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi ya mara mbili kwa ujazo ule ule na inakuja na presha kubwa kidogo, kwa kawaida milibari 30 hivi wakati ile ya bomba inacheza kwenye 20. Sasa umeipitisha kwenye tundu kubwa, imetoka nyingi, hewa ya kuichoma haitoshi, ndo njano, ndo masizi. Na masizi ni uchafu tu, kibaya zaidi kinachotoka nayo ni kaboni monoksaidi, hewa ya sumu, naisema hapo chini.

Dawa ni kubadili jeti zote, kila moto wa jiko na saizi yake, usiweke moja kila mahali. Majiko mengi mapya yanakuja na pakiti ya jeti za gesi nyingine, imefungwa na gundi nyuma ya jiko au iko ndani ya kitabu, muulize kaka yako kama hajaitupa. Jeti zikishabadilishwa ile skrubu ya moto mdogo irekebishwe pia, wengi wanaisahau halafu jiko ukilipunguza moto haushuki. Moto unaoutaka ni wa bluu, umetulia, haunung'uniki wala hauruki kutoka kwenye tundu. Na tafadhali usimruhusu mtu akutobolee jeti kwa sindano au aizibe na solda aitoboe upya, nimeona hiyo na sitaki kuiona tena. Hadi umebadili, usilitumie.

Fundi samahani kwa swali la ajabu. Tulifunga hita ya gesi bafuni mwezi uliopita, maji moto chap, raha tupu. Ila mke wangu kila akioga muda mrefu anatoka na kichwa kinauma na kizunguzungu. Anasema ni mvuke. Ni kawaida? – Mume

Sio kawaida na sio mvuke. Zimeni hita hiyo leo, sio kesho, na isiwashwe tena mpaka itolewe humo bafuni. Na mkeo aende hospitali, awaambie kabisa kwamba nyumbani kuna hita ya gesi na dalili zinakuja akioga, bila hivyo watampa dawa ya kichwa arudi.

Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka bila mzigo wake. Kwanza kichwa, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na mtu aliyelegea hafungui mlango. Hita ya kuchemsha maji papo hapo inachoma gesi nyingi kwa dakika kuliko jiko, na bafu ni chumba kidogo, mlango umefungwa, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Hewa ikipungua moto unaungua vibaya, ukiungua vibaya ndo hiyo sumu inazalishwa zaidi.

Hita ya gesi ya kawaida inakaa nje ya nyumba, ukutani, mahali palipofunikwa mvua, maji moto ndo yanaingia ndani kwa bomba. Kama lazima iwe ndani basi iwe na bomba la moshi linalotoka nje kabisa, sio linaloishia juu ya dari, au zile zilizofungwa kote zinazovuta hewa yake nje na kutoa moshi nje. Mkishahamisha nunueni kengele ya kaboni monoksaidi, mfunge usawa wa kichwa cha mtu. Ile ni tofauti na kengele ya gesi inayovuja, wauzaji wengine wanachanganya. Ya gesi ya mtungi inafungwa chini karibu na sakafu, ya gesi asilia juu karibu na dari, kwa sababu zile zile nilizomwambia Mpangaji na Masizi.

Sikuandika hivi kukutisha. Au tuseme ndiyo, nakutisha.

Hita yangu iko nje, imefungwa vizuri, lakini nikifungua bomba haiwaki. Ya jirani inawaka na ni aina ile ile. – Maji Baridi

Tenki lako liko chini. Hita hizi zinawashwa na mkondo wa maji wenyewe, maji yakipita kwa nguvu ndo vali inafungua gesi. Kila mita moja ya urefu kutoka hita kupanda hadi tenki inakupa presha ya kama bari 0.1, nyingi zinataka 0.2 au 0.3 na kuendelea, soma kwenye kibandiko. Pandisha tenki au weka pampu ndogo, au badilisha kwa hita ya presha ndogo. Kabla hujatumia hela yoyote, angalia betri! Nyingi zinatoa cheche kwa betri mbili kubwa zilizoko chini yake na zikiisha watu wanaita fundi.

Shikamoo mzee, mtungi wangu ukikaribia kuisha jikoni kunanuka gesi, ukiwa mpya hainuki. Kuna watu wananiambia ni kawaida, wengine niogope. – Binti Jikoni

Marahaba mwanangu. Wote wako sahihi, inaudhi lakini ndo hivo. Gesi yenyewe haina harufu, ile harufu ya yai bovu inatiwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937 shule moja huko New London, Texas, ililipuka kwa gesi asilia iliyovuja chini ya jengo, walikufa karibu watu 300, wengi watoto, na hakuna aliyenusa kitu kabla. Baada ya hapo sheria ya kutia harufu ikaanza Texas na kusambaa. Sasa ile dawa ya harufu inachelewa kugeuka hewa kuliko gesi, inabaki chini ya mtungi, kwa hiyo gesi ya mwisho mwisho inanuka zaidi.

Ila harufu kuwa kali hakusemi kwamba inatakiwa kukufikia puani. Jiko likiwaka harufu inaungua yote. Kama unainusa maana yake kuna mahali inatoka, kidogo tu, mtungi ukiwa mpya huihisi, ukiisha unaihisi. Tengeneza povu la sabuni, pakaa kwenye regulata, kwenye kola za mpira pande zote mbili, kwenye shingo ya mtungi, halafu fungua gesi uangalie mapovu yanapokua. Kiberiti hapana, hata kwa mzaha. Angalia na tarehe iliyochapwa kwenye mpira, ukipita muda wake badilisha hata kama unaonekana mzima, unapasuka kwa ndani kwanza.

Siku ukiingia ndani ukakuta harufu nzito kabisa, funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka na watu wote, na swichi usiguse. Sio kuwasha tu, hata kuzima, cheche ni ile ile. Simu piga ukiwa nje.

Kaka, nimesoma kwamba wenzetu Ulaya wanaacha gesi wanarudi kwenye umeme. Sisi ndo tunahamia, tunarudi nyuma? – Msomaji Mbishi

Umesoma vizuri. Uholanzi tangu Julai 2018 nyumba mpya kwa kawaida haziungwi tena na bomba la gesi, na pale ni nchi ambayo karibu kila nyumba ilikuwa na gesi. Wanayo sababu ya hali ya hewa, na ipo pia ya afya, moto wa gesi unatoa naitrojeni dayoksaidi ndani ya nyumba na mwenye pumu anaisikia. Mwenye mtoto wa pumu mi namwambia afikirie mara mbili, au angalau awe na ekzosti inayotoa moshi nje, sio ile inayozungusha hewa na kuirudisha jikoni.

Lakini mbishi mwenzangu, wao wanatoka kwenye gesi wanaenda kwenye umeme usiokatika na pampu za joto, zile mashine za umeme zinazovuta joto la nje na kuliingiza ndani. Anayetoka kwenye kuni au mkaa akaenda kwenye gesi, mapafu yake yatamshukuru. Anayetoka kwenye umeme wa uhakika, wa bei nzuri, na induksheni mezani, sioni anafuata nini. Wengi wetu tuko katikati, kwa hiyo nyumba yenye vyote viwili ndo ninayoipenda, majiko mawili ya gesi na pleti moja pembeni, huyu akizingua yule anapika.

Jiko jipya la gesi, nawasha vizuri nikiachia kitufe linazima. Narudishaje dukani? – Haraka Haraka

Usirudishe. Shikilia kitufe ukiwa umekibonyeza, hesabu hadi kumi, ndo uachie. Kuna kijiti kidogo cha chuma pembeni ya moto, lazima kipate joto ndo kiruhusu gesi ibaki wazi, ni cha usalama, upepo ukizima moto na chenyewe kinafunga gesi. Ukishikilia hadi ishirini na bado linazima, kifute kile kijiti kwa kitambaa kikavu, ikigoma hapo ndo urudi dukani.

Fundi, nimeshahamia gesi. Ile waya nene ya jiko la umeme iliyobaki ukutani niikate nizibe plasta? – Mjenzi

Usiikate. Zima breka yake kwenye boksi la umeme, iandike "jiko, haitumiki", na kule mwisho fundi umeme aziweke ncha kwenye boksi lenye mfuniko. Waya iliyozikwa kwenye plasta bila alama, mtu atakuja kupigilia msumari wa kabati hapo. Na mwambie huyo huyo fundi aunge bomba lako la gesi la chuma na ethi ya nyumba, ile waya inayopeleka umeme uliovuja ardhini, kama unalo bomba hilo, ila asije akalitumia bomba la gesi lenyewe kuwa ndo ethi. Ukiuza nyumba au gesi ikipanda, breka inawashwa, maisha yanaendelea.